Kuoka vitafunwa kwa machicha ya juisi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila anayekamua juisi nyumbani anaijua hali hii: glasi mbili za juisi ziko mezani, na pembeni kuna bakuli zima la machicha ya karoti, yana rangi nzuri, yananukia, na safari yake ni ndoo ya taka. Mimi naokea machicha hapa Tanga. Nilianza kwa sababu roho iliniuma kutupa karoti ambazo mtu kazilima Lushoto, akazibeba mpaka barabarani, zikashuka mlima mpaka sokoni kwetu. Nimeendelea kwa sababu vitafunwa vyenyewe ni vitamu. Haya ni maswali ninayoulizwa na majirani, wateja na ndugu. Yale ambayo watu hukosea zaidi nimeyajibu kwa urefu.

Machicha ni nini hasa? Mbona wengine husema makapi?

Kwetu pwani machicha ni yale yanayobaki baada ya nazi kukunwa na kukamuliwa tui. Neno hilo ndilo tulilolihamishia kwenye karoti, nanasi na bitiruti zilizokamuliwa. Wengine husema makapi, na utaeleweka ukisema hivyo, ila mimi silipendi: makapi ni yale ya kupepetwa na kupeperushwa, hayana kazi tena. Machicha bado yana kazi.

Kuna faida yoyote iliyobaki humo, au vyote vimeondoka na juisi?

Vingi vimeondoka. Juisi imechukua maji, sehemu kubwa ya sukari ya tunda, na vitamini C nyingi. Ile kidogo iliyobaki ya vitamini C hupungua tena kwa moto wa oveni, kwa hiyo mtu asikuambie kwamba keki ya machicha ya machungwa itakukinga na mafua.

Kilichobaki kwa wingi ni nyuzinyuzi, na hizo ndizo tulizozitoa kwenye juisi kwa mikono yetu wenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023, linapendekeza angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kwa mtu mzima na kwa mtoto kuanzia miaka 10, gramu 21 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 9, na gramu 15 kwa wa miaka 2 hadi 5. Anayekula ugali wa sembe iliyokobolewa, mkate mweupe na wali mweupe, halafu matunda anayanywa badala ya kuyatafuna, hana njia rahisi ya kufika huko.

Kwenye karoti kuna jambo la ziada. Ile rangi yake ya chungwa, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, haiondoki yote na juisi. Yatazame machicha yake, bado yanawaka. Na rangi hiyo mwili huipokea vizuri zaidi ikipikwa na ikiliwa pamoja na mafuta. Keki ndogo ya karoti yenye mafuta kidogo ina faida hiyo, ilimradi usiizamishe kwenye sukari.

Hilo la sukari nalisema mapema kwa sababu ndilo linaloharibu nia njema za watu wengi. Machicha hayaifanyi keki yenye vikombe viwili vya sukari kuwa chakula cha afya. Shirika hilohilo, mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu anayekula kalori 2,000, na sukari ya juisi ya matunda imo kwenye hesabu hiyo. Ukishakunywa glasi kubwa ya juisi, nafasi uliyobakiwa nayo ya kitafunwa kitamu ni ndogo.

Nasikia machicha husafisha mwili na kuondoa sumu. Ni kweli?

Hapana. Kazi hiyo ni ya ini na figo. Nyuzinyuzi husaidia choo kiwe laini na hushibisha, na hayo yanatosha kuzipenda. Kama hukuzizoea, anza kidogo na unywe maji ya kutosha, la sivyo tumbo litajaa gesi.

Machicha ya vitu gani hufaa kuokea, na yapi yasijaribiwe?

Karoti ni mfalme. Hayana uchungu, hayana mbegu, yana utamu wake, na yanakubaliana na mdalasini, iliki, kungumanga, tangawizi na nazi. Anayeanza aanze na karoti.

Tofaa linafuata, mradi utoe kokwa kabla ya kukamua. Mbegu za tofaa zikisagwa hutoa kemikali yenye sianidi. Mbegu moja mbili zilizomezwa nzima hazimdhuru mtu, lakini hakuna sababu ya kuzisaga kwenye chakula cha watoto.

Nanasi ni zuri sana pamoja na machicha ya nazi, lakini lina nyuzi ndefu zinazonasa kwenye meno, hasa zile za moyo wa nanasi. Yakatekate kwa kisu au yapitishe tena kwenye blenda. Na kama utayachanganya na mtindi au maziwa, yachemshe kwanza dakika 5. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokata protini za maziwa, mchanganyiko ukawa mchungu, na moto hukiua. Sisi tunaopata mananasi ya Kiwangwa kwa bei ya msimu tusiyaache machicha hayo.

Bitiruti hufaa, ila lina ladha ya udongo ambayo si kila mtu anaipenda. Lipe kakao au machungwa, litatulia. Ukila ya kutosha unaweza kuona mkojo mwekundu. Usishtuke, ni rangi tu inapita.

Tangawizi ni kiungo, si unga. Kijiko kimoja cha chakula cha machicha yake kwenye kikombe kizima cha machicha ya karoti kinatosha. Watu wa juisi hukamua tangawizi pamoja na kila kitu, kwa hiyo onja machicha kabla ya kuongeza viungo vingine.

Mboga za majani, yaani spinachi, sukumawiki, seleri na matango, zipeleke kwenye vitafunwa vya chumvi. Usijaribu kuzifunika kwa sukari. Seleri ikatekate sana, nyuzi zake ni kama kamba.

Machungwa ya Muheza nayapenda kuliko matunda yote, lakini machicha yake ni mtihani. Ile ngozi nyeupe na vile vikuta vya ndani huwa vichungu, na uchungu huongezeka yakikaa na yakipata moto. Afadhali kabla ya kukamua ukwaruze ile ngozi ya juu yenye rangi, kwa kikwaruzo cha matundu madogo, bila kufika kwenye weupe. Humo ndimo mna harufu yote, na kijiko kimoja hubadilisha keki nzima.

Mapera na pasheni yana mbegu ngumu. Mapera unaweza kuyachekecha ukapata rojo safi. Pasheni sihangaiki nayo. Ukwaju hubaki mbegu na mishipa, hamna cha kuoka.

Na miwa? Naulizwa hili na kila aliyewahi kusimama Forodhani, Unguja, akatazama muwa ukipita kwenye mashine na ndimu na tangawizi, na lile rundo la mabaki likikua pembeni. Yale ni kuni. Ni nyuzi ngumu ambazo tumbo la binadamu halina la kufanya nazo, na hata zikisagwa hukwaruza koo. Viwanda vya sukari huyachoma kuendeshea mitambo yao. Sisi tuyaweke shambani kutandazia udongo.

Sina mashine ya kukamulia, natumia blenda na chujio. Machicha yangu yanafaa?

Yanafaa, lakini si sawa na ya mashine. Kwenye blenda unaongeza maji, maji yanasuuza ladha, na machicha yanayobaki yameloa na yamepoa ladha. Yatie kwenye kitambaa safi au kwenye kifumbu na uyakamue kwa nguvu zako zote, kama unayetoa tui la mwisho. Ukifungua kitambaa machicha yawe yanamomonyoka, yasiwe yanadondosha. Kisha kwenye mapishi ya hapa chini punguza mtindi au maziwa, na ongeza viungo kuliko nilivyoandika.

Mashine zile zinazozungusha kwa kasi huacha machicha yenye unyevu wa kati. Zile zinazosaga polepole kwa kusukuma huacha makavu kabisa, nayo huhitaji kimiminika zaidi. Ndiyo maana pishi ya mtu mwingine inaweza kukuangusha bila wewe kukosea chochote.

Nioshe na kumenya karoti kabla ya kukamua?

Osha, kila mara, kwa maji yanayotiririka na brashi. Kumenya ni hiari kama karoti ni changa na safi. Fikiria hivi: ganda lote linabaki kwenye machicha, halielekei kwenye juisi. Mchanga nao hivyohivyo. Kata kile kichwa cha kijani, ni kichungu.

Machicha hukaa muda gani?

Hili ndilo swali ambalo nataka ulisome mara mbili.

Machicha ni chakula kilichokwisha kuchanwachanwa, kina unyevu, kina sukari kidogo, na hewa imeingia kila mahali. Kwa vijidudu hiyo ni karamu. Kwenye joto la Tanga au Dar es Salaam usiyaache mezani zaidi ya saa 2. Muda huohuo ndio kikomo ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kwa chakula kilichopikwa kukaa nje, na kanuni yake ya friji ni chini ya nyuzi joto 5 za Selsiasi.

Mimi hufanya hivi: mashine ikizimwa tu, machicha yanaingia kwenye chombo chenye kifuniko, chombo kinaingia kwenye friji, na naoka siku hiyo au kesho yake. Ya siku ya tatu siyaoki. Nikijua sitaoka, napima kikombe kimoja kimoja kwenye mifuko, nabonyeza mfuko uwe bapa kama chapati, naandika tarehe na aina, naweka kwenye friza. Miezi 2 hadi 3 ladha bado ipo. Mfuko bapa huyeyuka haraka na haubanani na mingine. Yakiyeyuka yatatoa maji. Yakamue kabla ya kutumia.

Yakinuka uchachu, yakitoa vipovu, yakiteleza mkononi au yakiota kitu cha kijivu, yasiingie jikoni kabisa. Usijiambie kwamba oveni itaua kila kitu. Moto huua vijidudu vingi, lakini baadhi ya sumu ambazo vijidudu hivyo vimekwisha kuziacha hazivunjwi na joto la kuokea. Nakumbuka wiki moja umeme ulikatika usiku, asubuhi friza ilikuwa na maji na machicha yalikuwa ya uvuguvugu. Mifuko tisa. Niliimwaga yote, na iliniuma, lakini ningeoka ningekuwa nalisha watoto wa watu kwa kubahatisha.

Nianze na kitafunwa gani?

Keki ndogo za karoti. Hazina ufundi mgumu, na ukikosea kidogo bado zinalika. Kikombe ninachokisema ni cha mililita 250.

Chukua kikombe 1 cha machicha ya karoti, umeyashindilia kidogo. Unga wa ngano kikombe 1 na nusu; mimi hutumia nusu mweupe na nusu atta. Mayai 2, mafuta theluthi moja ya kikombe, mtindi nusu kikombe, sukari theluthi moja ya kikombe, na ndizi 1 iliyoiva mpaka imeanza madoadoa. Beking pauda vijiko 2 vya chai, mdalasini kijiko 1 cha chai, iliki nusu kijiko, chumvi robo kijiko. Karanga au korosho zilizokatwakatwa, kiganja kimoja, ukipenda.

Washa oveni nyuzi 180 kabla hujagusa kitu kingine. Ponda ndizi, piga na mayai, sukari, mafuta na mtindi mpaka visitenganike. Tia machicha na uyatawanye kwa uma, kwa sababu hukaa madonge, na donge lililobaki utalikuta ndani ya keki. Bakuli jingine changanya vitu vikavu. Kisha mimina vikavu kwenye vya maji na ugeuze kwa mwiko mara chache tu, mpaka unga mkavu usionekane. Hapo acha. Ukiendelea kukoroga, ngano inajenga mvutano na keki inakuwa kama mpira.

Gawa kwenye vikopo 12, oka dakika 20 hadi 25. Chomeka kijiti katikati. Kikitoka kikavu au na chembe chembe, toa. Kila keki itakuwa na kama gramu 6 za sukari uliyoongeza. Ukizoea ladha hiyo, punguza tena hadi robo ya kikombe. Familia yangu haikugundua nilipofanya hivyo.

Keki yangu inakuwa nzito, mbichi katikati, imeungua juu. Kosa liko wapi?

Mara nyingi ni maji. Machicha yameloa, mtu hakuyakamua, na unga ukawa mzito kwa maji kuliko unavyoweza kubeba. Juu panakauka na kuungua, ndani bado ni uji.

Sababu ya pili ni tamaa. Mtu ana machicha vikombe vitatu, anayatia yote. Machicha hayana ile gundi ya ngano inayoshika hewa. Kwa keki, kikombe kimoja kwa kila kikombe na nusu cha unga ni kiwango kizuri. Ukivuka kikombe kimoja kwa kimoja unaoka tofali.

Sababu nyingine ni beking pauda ya zamani. Tia kijiko kidogo kwenye maji ya moto. Isipochemka povu kwa nguvu, nunua nyingine.

Dada, sina oveni. Ndiyo basi?

Siyo basi. Bibi zetu waliokea mkate wa kumimina bila kuijua oveni, kwa mkaa wa chini na mkaa wa juu, na mkate ulipanda ukawa na rangi ya dhahabu.

Kwa mkaa: weka sufuria nzito jikoni, tandaza ndani mchanga safi uliooshwa na kukauka, kina cha vidole viwili, funika, uache upate moto robo saa. Weka chombo chako cha keki juu ya mchanga, funika kwa sinia au mfuniko wa bati, kisha pakia makaa juu ya mfuniko. Siri ni moja: moto mwingi juu, moto kidogo chini. Wanaoungulia keki huacha jiko la chini likiwaka kama la kupikia maharage. Chota makaa mengi kutoka chini, uyapandishe juu, yabaki machache yaliyoanza kufunika majivu. Keki ndogo chungulia baada ya dakika 20, keki moja kubwa baada ya dakika 35, na usifunue kabla, kwa sababu ikipata baridi itabonyea.

Kwa gesi ni vigumu kupata moto wa juu, kwa hiyo keki itaiva lakini juu itabaki nyeupe. Afadhali umimine mchanganyiko mwembamba kwenye kikaango kizito kilichopakwa mafuta, ufunike, moto mdogo kabisa, kisha ugeuze upande wa pili kama chapati za maji. Machicha ya karoti na nanasi hutoka vizuri sana namna hiyo.

Na vitafunwa vya chumvi?

Hivi ndivyo ninavyovipenda mwenyewe, na ndivyo vinavyobeba machicha mengi zaidi kwa sukari sifuri.

Machicha ya mboga vikombe 2, kwa mfano karoti na spinachi na tango kidogo. Unga wa mtama au ulezi nusu kikombe. Ufuta nusu kikombe, alizeti zilizomenywa robo kikombe, yai 1, mafuta vijiko 3 vya chakula, chumvi robo tatu ya kijiko cha chai, binzari nyembamba kijiko 1, kitunguu saumu punje 2 zilizopondwa, pilipili manga. Kanda upate donge linaloshikana. Likimomonyoka ongeza maji kijiko kimoja kimoja.

Weka donge kati ya karatasi mbili za kuokea, sukuma kwa mpini wa chapati mpaka unene wa milimita 3 hivi. Unene huo ndio kazi yote. Pakiwa na sehemu nene na nyembamba, nyembamba itaungua wakati nene bado inatafunika kama ngozi. Toa karatasi ya juu, kata mistari kwa kisu, oka nyuzi 160 kwa dakika 40 hadi 50, ukigeuza katikati ya muda. Zima, acha mlango wa oveni wazi kidogo, viendelee kukauka humohumo mpaka vipoe. Vikiwa vikavu kabisa vinavunjika kwa mlio. Vikikunjika, virudishe.

Tafuna na chai ya saa kumi isiyo na sukari, au chovya kwenye maharage yaliyopondwa kwa ndimu.

Bitiruti langu lilikuwa jekundu likatoka kahawia. Na alizeti zangu zimegeuka kijani! Zimeharibika?

Hazikuharibika. Rangi ya bitiruti haiwezi moto wa muda mrefu, wala haipendi beking soda. Inapenda uchachu. Tumia beking pauda peke yake, ongeza kijiko cha ndimu au mtindi, na uoke vitu vidogo vinavyoiva haraka. Hata hivyo usitegemee wekundu wa juisi; utapata waridi iliyofifia.

Alizeti zina asidi ya asili ambayo ikikutana na beking soda hugeuka kijani, tena mara nyingi siku ya pili. Ni salama kula. Mteja mmoja alinirudishia mkate mzima akidhani ni ukungu, na simlaumu. Tangu hapo kwenye alizeti siweki beking soda.

Machicha ya nazi nayo yamo kwenye hesabu?

Yamo, tena ndiyo ya kwanza. Nyumba ngapi za pwani hukuna nazi mbili kwa siku kwa ajili ya mchuzi na wali, kisha machicha yanapewa kuku? Yakaushe kwenye kikaango, bila mafuta, moto mdogo, ukigeuza mpaka uyasikie makavu mkononi lakini yasibadilike rangi. Kikombe 1 cha hayo, unga wa ngano kikombe 1, sukari robo kikombe, samli robo kikombe, yai 1, iliki na chumvi kidogo. Fanya viduara, bonyeza kwa uma, oka nyuzi 170 dakika 15 hadi 18. Vikitoka ni laini, vikipoa vinakuwa biskuti.

Asiyetaka kuwasha moto atwange tende na machicha hayo yaliyokaangwa, aongeze karanga zilizokaangwa, afinyange vidonge. Karanga chagua moja moja. Yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi itupe, usiisage. Sumukuvu, yaani sumu inayoachwa na ukungu, haiondoki kwa kukaanga.

Naweza kuyakausha nikasaga unga?

Ndiyo, na ukiishi Dodoma au Singida kazi ni nyepesi kuliko kwetu. Tandaza tabaka jembamba kwenye kitambaa cheupe, funika neti, jua kali, geuza kila baada ya saa chache, ingiza ndani usiku. Pwani, unyevu wa hewa hufanya machicha kuota ukungu kabla ya kukauka, hasa wakati wa masika, na kuhusu ukungu hakuna mzaha: mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Huku kwetu mimi hutumia oveni, nyuzi 60 hadi 70, mlango wazi kidogo, saa 4 hadi 6. Yawe yanakatika kama majani makavu ndipo usage, uchekeche, uweke kwenye chupa iliyokauka yenye kifuniko kinachobana.

Unga huo unafyonza maji sana. Badilisha robo tu ya unga wa ngano kwenye pishi yako, ongeza maziwa, na uache mchanganyiko utulie dakika 10 kabla ya kuoka.

Naweza kumpa mtoto mdogo? Na mgonjwa wa kisukari?

Mtoto aliyeanza kula vyakula vya familia anaweza kupata kipande laini cha keki isiyo na sukari. Kama unatumia asali, asiipate mtoto chini ya mwaka 1, hata iliyookwa, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za kijidudu hatari ambazo moto wa keki hauziui. Karanga nzima na korosho nzima zisiwe kwenye chakula cha watoto wa chini ya miaka 5, wanapaliwa. Zisage.

Kwa mwenye kisukari, vile vya chumvi ni chaguo bora kuliko keki, lakini vina unga, na unga ni wanga. Ale kwa kiasi alichoelekezwa na wanaomtibu, apime sukari yake aone. Ndugu zake wasimpe keki kwa kumwambia ni ya machicha kwa hiyo haina neno. Ndizi, tende na asali vyote hupandisha sukari.

Naweza kuviuza?

Unaweza. Usimamizi wa usalama wa chakula Tanzania uko TBS, yaani Shirika la Viwango, tangu 2019, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, husaidia wasindikaji wadogo. Vya chumvi vilivyokauka vyema ndivyo vinavyobebeka sokoni. Keki zina unyevu, zinataka kuuzwa siku hiyo au kesho yake. Usinunue machicha ya kibanda cha juisi cha mtu usiyejua aliosha vipi na yamekaa juani tangu saa ngapi. Kamua mwenyewe.

Yakibaki mengi kuliko ninavyoweza kuoka?

Kuku wanayapenda, ya karoti na ya nazi hasa, yakiwa mabichi ya siku hiyo. Usiwachanganyie maganda na kokwa za parachichi, ni sumu kwa ndege. Yanayobaki, pamoja na ya machungwa na ya miwa, changanya na majani makavu kwenye shimo la mboji, tabaka kwa tabaka, ufunike udongo kidogo inzi wasijae. Pale nilipomwaga ile mifuko tisa, nyuma ya jiko, sasa pameota mpapai.